Mita Tano za Serikali

"Uvira yote, toka Kavimvira mpaka Kalundu, hakuna mwanamuke mwenye nilisha kuuzia kikwembe ikakosa kumuzunguka! Kama iko, asimame hapa!"

Mama Dalila aliyasema hayo kwa kipaza sauti, kwenye harusi ya mpwa wake, baada ya shangazi mmoja wa upande wa pili kunong'ona kwamba vikwembe vya meza yake ya sokoni ni vifupi. Hakusimama mtu. Shangazi mwenyewe aligundua ghafla kwamba pilau inahitaji kutazamwa kwa karibu.

Alikuwa na haki ya kuringa. Babu wa babu yake alifika huku ziwani na mizigo ya nguo, enzi za kupima kwa mikono na doti. Akaja Mbelgiji na mita yake ya mbao. Mbelgiji akaondoka, mita ikabaki ofisini. Kikwembe chenyewe kikaendelea na yadi, kana kwamba hakuna aliyekipa habari. Kinachapwa kwa yadi, kinaandikwa yadi ukingoni, na sokoni hata mlevi anajua: yadi mbili ni kikwembe kimoja, na vikwembe vitatu ni mavazi ya mwanamke mzima. Cha kwanza kinashonwa sketi, cha pili kinashonwa libaya, blauzi ya juu. Cha tatu hakiguswi na sindano. Kinafungwa kiunoni juu ya sketi, na ndicho kinachowaambia watu kwamba huyu ni mama wa nyumba yake. Mke wa mtu akipita bila hicho, wakwe wanaanza kuulizana kama amefukuzwa.

Basi siku moja, kabla ya sherehe za Machi nane, alifika mezani Bwana Eugène, mkubwa wa ofisi moja ya serikali, kununulia wanawake wa ofisi yake nguo za kupitia kwenye défilé, gwaride la siku ya wanawake. Nyuma yake alikuja Mama Consolate, anayefagia ofisi hiyo, ili abebe mzigo. Mungu hakumpimia Consolate mwili kwa kijiko.

"Mama Dalila, kila mwanamuke mita tano," Eugène alisema.

"Chef, ni yadi sita. Vikwembe tatu."

"Yadi? Weye uko Mwingereza? Hii nchi iko na sheria. Serikali inajuaka mita."

"Inajuaka mita, ndiyo. Lakini serikali haivaake kikwembe."

Consolate alicheka ndani ya kiganja. Eugène hakucheka, watu wa aina yake huomba ruhusa kwanza.

"Chef, sikia," Dalila akaendelea. "Mita tano ni vikwembe mbili na kipande. Hicho kipande kitamufika wapi huyu mama? Kitaenda mpaka kwa mufupa wa kiuno, kisimame, kiombe musaada."

"Tano iko chiffre rond, haina mukia. Unataka niandike nini mu rapport, tano koma mikia? Kata mita tano, ao nitaleta watu wa kontrole waone hiyo yadi yako."

Consolate akasogea karibu, sauti chini. "Mama Dalila, mama-mukwe wangu anashuka toka Bijombo kuniangalia kwa défilé. Hajawai kunikubali, unajua. Unisaidie."

Kusaidia kulikuwa rahisi kuliko kupiga chafya. Kitambaa kinakuja kwa pièce ya yadi kumi na mbili. Wanawake wawili wanashika pièce moja, wanaikunja katikati, wanakata kwenye mkunjo: kila mmoja ana zake sita. Hakuna mita, hakuna yadi, hakuna sheria wala rapport. Dalila angeweza kuzikata vile palepale mbele ya macho ya Eugène, na liwalo na liwe. Lakini kwa wauza nguo, mkasi ni kama kiapo. Kitambaa kikilaumiwa, analaumiwa aliyekikata. Mtu ametamka mita mbele ya mkasi wake, na moto wa kiburi ukampanda.

"Mukasi yangu haikatake mita," alisema. "Chukua pièce zima-zima, mukate benyewe." Akamnong'oneza Consolate: "Mukunje katikati tu."

Eugène alikubali upesi. Upesi mno; Dalila angefikiria vizuri, angeshtuka.

Ofisini Consolate alimwambia, "Chef, tukunje tu katikati." Eugène akamjibu, "Kukunja iko kipimo ya wapi?" Akajifungia na utepe wa chuma, ule wa kupimia viwanja, akakata mwenyewe.

Machi nane ikafika. Kitambaa kilikuwa na picha ya mama aliyebeba beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, picha moja kila yadi mbili. Utepe wa Bwana Eugène haukumhurumia: wengine walipita na beseni bila mama, wengine na mama bila kichwa. Sikukuu ya wanawake, na serikali imewakata vichwa tangu asubuhi! Consolate alipita mbele ya wakubwa bila kupunga mkono, kwa sababu mkono ulikuwa umeshika ncha mbili za kipande zilizokataa kukutana.

Défilé ilipoisha, mama mkwe, Bibi Kankindi, alimleta moja kwa moja mpaka kwenye meza ya Dalila.

"Ni weye uliuzishia muke wa mwanangu kikwembe ya mutoto?"

"Bibi, ni mita ya serikali ile."

"Serikali ndiyo iko na hii meza? Ao mwanangu alishindwa kuvalisha muke yake?"

Consolate alitazama chini. Majirani wa meza wakasikiliza kwa mwili wote. Dalila akapekua meza yake. Kitambaa kile alikuwa amekimaliza. Akamshika Consolate mkono ulio huru, wakazunguka soko wote watatu, kutafuta kipande cha kuungia.

Walikipata karibu na mahali pa kuegesha pikipiki. Kwenye meza ndogo, rundo la mama wa ndagala, vipande vipande, vyote sawasawa. Nyuma ya meza alikaa Laurette, mdogo wa mke wa Eugène.

"Umetoa wapi hivi?" Dalila aliuliza.

"Shemeji ameleta. Bilibaki ku bureau."

Bilibaki! Yadi kumi na mbili zinakaribia mita kumi na moja. Toa tano, toa tano tena, na kila pièce inaacha karibu mita nzima mikononi mwa mwenye utepe. Kumbe ndiyo chiffre rond. Kumbe ndiyo sheria ya nchi, ndiyo sababu kukunja si kipimo! Na pièce nzima-nzima nani alimpa? Hasira ilimpanda Dalila, na nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

"Hiki kitambaa ni changu," alisema, akivuta kipande.

"Mama, usivute-vute. Uliuza, haiko yako tena. Unanunua ao unaangalia?"

Bibi Kankindi alikunja mikono, akingoja. Consolate bado alikuwa ameshika kiuno. Dalila akafungua pochi.

Kipande kimoja, kisichofika mita: faranga elfu sita, bei ileile aliyouzia yeye kikwembe kizima.