Hakunisindikiza

Mimi ni mtu wa kununa haraka. Mama yangu alilijua hilo tangu tukiwa Buyenzi, Bujumbura, na aliniambia mara nyingi kwamba hasira hasara. Hasara yenyewe niliipata Brussels, miaka ya tisini, na si mimi niliyeumia zaidi.

Nilikuwa nasafisha ofisi karibu na kituo cha Schuman, zamu ya alfajiri. Mwenzangu wa ghorofa ya tano alikuwa mwanamke wa Kifilipino, rika langu, mfupi, mwenye kucheka hata ndoo ikiwa mkononi. Alikuja Ubelgiji kulea watoto wa mwanadiplomasia. Bwana yule alipohamishwa, yeye alibaki bila karatasi za ukaazi. Kwao alikuwa na binti mmoja, akilelewa na bibi. Tulizungumza Kifaransa cha kuokoteza, tukiongeza mikono pale maneno yalipokwisha.

Ufilipino niliijua kwake, bila kupanda ndege. Aliishi Saint-Josse, ghorofa ya nne, chumba kimoja na wenzake watatu. Nyota za karatasi za Krismasi alizitundika dirishani mwezi wa Septemba, watu bado wanatembea na mikono mifupi, nami nikamcheka hadi machozi. Mwezi wa Mei walifanya maandamano yao kwenye ua wa kanisa, wasichana wamevaa magauni meupe wakipita chini ya matao ya maua. Karibu wote walikuwa wafanyakazi wa ndani, lakini Jumapili ile ungewaamkia kwa heshima. Siku yake ya kuzaliwa alipika tambi ndefu, na nilipotaka kuzikata kwa uma akanishika mkono: ukizikata, umekata na maisha. Na kwa kuwa mimi ni Mwislamu, alinitengea sufuria yangu peke yangu, kuku wa siki na vitunguu saumu. Harufu ya siki ile ilinikaa kwenye nguo hadi Jumatatu.

Kila nilipoondoka alinijazia chakula kwenye kopo tupu la majarini, akashuka nami ngazi zote hadi kituo cha basi. Kwetu mgeni husindikizwa. Nilifurahi kuona kwao ni vilevile.

Binti yake alifariki akiwa na miaka tisa. Homa ya siku nne. Habari ilikuja kwa simu, na mama mtu hakuweza kwenda kumzika: akitoka Ubelgiji asingerudi, na bibi kule alimtegemea yeye. Alikuja kazini asubuhi ile ile, akapiga deki ghorofa nzima, ndipo akaniambia. Kisha akaniuliza kama sisi tuna arobaini. Nikamwambia tunayo.

"Basi siku hiyo uje," alisema. "Ukae karibu yangu."

Jumamosi mchana nilikwenda matangani. Hapakuwa na jeneza, ila picha ya mtoto akiwa na sare ya shule, na mshumaa mbele yake. Wanawake walisali rozari, mimi nikaomba dua yangu kimya. Walipomaliza, nilifanya kama nilivyolelewa. Kwetu mwanamke haendi matangani kukaa akatazama. Anashika kazi ili mfiwa apumzike. Niliona makombo ya biskuti sakafuni, nikachukua ufagio. Sijafagia hata mara mbili, mama mzee mmoja akanipokonya, akauficha nyuma ya kabati huku akitikisa kichwa. Chumba kizima kilinitazama. Masikio yaliniwaka moto.

Nikaaga. Mwenzangu alikuwa amekaa kando ya picha. Hakuinuka, hakusema asante. Chakula kilijaa mezani na hakuna aliyenifungia hata tonge. Nilipompa mkono aliubana kwa nguvu, kisha akageuza uso ukutani. Nilishuka ngazi peke yangu, nikasimama chini kwenye baridi nikisikiliza kama viatu vyake vinakuja. Havikuja.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Nilijiambia hilo njia nzima hadi Evere, nilikokaa na wanangu, na nilijiona mwerevu.

Jumatatu nilimwomba msimamizi anihamishie ghorofa ya chini. Mwenzangu alinifuata mara mbili na kopo lake la majarini. Nilimwambia nimeshiba. Mara ya pili alijaribu kueleza jambo, Kifaransa kikamkwama, akaanza upya kwa mikono. Nikasukuma gari langu la ndoo nikaenda zangu. Mwanamke aliyefiwa na mtoto, nami namnunia! Nikikumbuka, najionea haya.

Arobaini iliangukia Jumapili. Nilivaa, nikavua. Nikabaki nyumbani napiga pasi nguo zisizohitaji pasi.

Wiki iliyofuata hakuonekana kazini, wala wiki ya pili. Nilikutana na yule mama mzee kwenye duka la mchele, Saint-Josse. Alikuwa ameishi Brussels muda mrefu, Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akaniambia polisi walimsimamisha mwenzangu akiwa njiani kwenda kazini, wakamrudisha kwao. Anwani hakuwa nayo. Alijua jina la kisiwa tu.

Ulimi wangu haujui kunyamaza. Nikamwambia, "Siku ya matanga mlinifukuza."

"Nani alikufukuza?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Nyumba yenye msiba haifagiwi, utamfagilia nje mwingine wa ukoo. Na mfiwa hamsindikizi mgeni, hamshukuru, hampi chakula cha kubeba. Kifo kitamfuata mgeni nyumbani kwake. Wewe una watoto. Alikuwa anakulinda."

Nikauweka chini mfuko wa mchele.

"Siku ya arobaini aliweka kiti kando yake," aliendelea. "Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Na kuku wako hakuna aliyemgusa. Kila mtu akipanda ngazi, yeye anatazama mlango."

Mwaka uliofuata kaka yangu aliuawa Bujumbura. Wanawake wetu walikuja Evere, wa Burundi na wa Kivu, wakapika, wakalia nami. Walipoaga walisimama wakiningoja, maana kwetu hata mfiwa huinuka akafika mlangoni. Mimi nilibaki nimekaa.

"Maman, hautatufikisha hata ku mulango?" mmoja aliuliza. "Bon. Ulaya imekumaliza."

Niligeuza uso ukutani, nikawasikia wakishuka.

Yule aliyesema alininunia. Wiki haijaisha nilikwenda kwake, nikagonga hadi akafungua, nikamweleza yote tukiwa tumesimama kizingitini, na akanisikiliza mpaka mwisho. Ilichukua dakika tano.