Katibu Mkuu na Ufunguo wa Koki

Mtu akitaka kujua kwa nini dunia haina amani, asijisumbue kusikiliza redio. Aende tu kliniki ya meno, ile yenye mlango wa kioo uliopasuka kona, akaulize mapokezi. Hapo, nyuma ya daftari la miadi, aliketi mwanamke wa miaka thelathini na tisa aliyekuwa na majibu yote. Mgonjwa aliyekuja na shavu limevimba alipewa namba, akaonyeshwa benchi, na akikawia kuitwa alipata bure kabisa mhadhara juu ya kura ya turufu. Daktari alikiri kwamba hajaona kwingine watu wanaokimbilia kung'olewa jino kwa furaha namna ile.

Alikuwa mwaka wa sita wa shahada ya uzamili ya siasa za kimataifa, masomo ya jioni, ambayo tangazo lilisema huchukua miaka miwili. Shangazi yake aliwahi kumuuliza, kwa nia njema tu, kama akimaliza atagombea dunia nzima au ataanza na bara moja kwanza. Shangazi wa watu akaelezwa kwa saa nzima tofauti ya kusoma siasa na kufanya siasa. Tangu siku hiyo akija kuwatembelea huuliza habari za mvua.

Nyumbani wapangaji wenzake walimwita Katibu Mkuu. Nyumba ilikuwa ya ghorofa tatu, na ukihesabu wale wa chini ilikuwa na kaya nane, mbili kila sakafu. Walikuwa na umoja wao, nao ulikutana kila mwezi kwenye ngazi kwa kukosa ukumbi, wa juu wameketi juu na wa chini chini, kama dunia yenyewe ilivyo. Yeye alichaguliwa katibu kwa sababu ndiye aliyekuja na kalamu. Mtu mwenye akili timamu angeandika, "Tumegombana tena juu ya maji," akaenda kulala. Katibu Mkuu aliandika kurasa kumi na nne. Kaya ya ghorofa ya tatu ilieleza wasiwasi wake mkubwa. Kaya ya ghorofa ya pili ilizitaka pande zote zijizuie. Wajumbe walikubaliana kuendelea na mashauriano. Fundi viatu aliyekimbia mara moja kwenda kuepua sufuria yake jikoni alikuja kusoma kwamba alisusia kikao, na hadi leo haelewi alimkosea nani.

Sasa hayo maji. Yalikuja mara mbili kwa wiki, na yakija yalipita kwenye koki moja iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha chuma, hatua mbili kutoka mlango wa sakafu ya chini alikokaa Katibu Mkuu na mama yake. Koki ikifunguliwa, maji yanapanda ghorofani. Ikifungwa, yanabaki chini. Mlinzi wa zamani alipoacha kazi alimwachia mama ufunguo wa kisanduku, kwa muda tu, mpaka apatikane mlinzi mwingine. Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Mama, fundi cherehani, mjane, mtu wa watu asiye na makuu, alijaza kwanza mapipa yake manne. Kisha ndoo. Kisha masufuria. Kisha alipumzika kidogo, maana kazi si lelemama, halafu ndipo alipofungua koki. Kufika ghorofa ya tatu, bomba lilikohoa mara mbili likanyamaza, na wa huko juu wakashuka na ndoo kuchota kwenye bomba la uani. Kwenye kumbukumbu za vikao jambo hili liliitwa changamoto ya msukumo wa maji.

Tuyaache hayo, tuje kwenye elimu. Tasnifu yake ilihusu nafasi ya mataifa madogo katika maamuzi ya dunia. Msimamizi wake alikuwa profesa mwenye njia moja ya kusimamia: alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa mwisho, na katikati akaandika neno "Panua." Katibu Mkuu alipanua. Sura ya pili ilianza na kurasa ishirini ikafika tisini, ikarudi na "Panua" nyingine. Sura ya nne, ile ya utafiti wenyewe, haikuwapo kabisa, kwa kuwa alikuwa amewaandikia mabalozi kumi na mmoja akiomba mahojiano, na wote kumi na mmoja walimjibu kwa heshima kubwa kwamba barua yake inafanyiwa kazi.

Kisha ikaja barua ya chuo. Sura ya nne ipokewe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo jina lake linafutwa. Miaka sita ingekwenda na maji, na angebaki mpokezi anayejua mambo mengi mno. Barua hiyo hakumwonyesha mtu. Aliikunja akaiweka ndani ya daftari la miadi, na siku hiyo wagonjwa walisubiri kimyakimya, wakadhani amefiwa.

Akaandika sura kwa siku tisa, akiunga vipande vya magazeti na matumaini. Siku ya kuituma alikuwa pia anatuma kumbukumbu za kikao cha nne cha wapangaji. Faili moja liliitwa "Sura ya Nne", la pili "Kikao cha Nne", na yote mawili, tuseme ukweli, yaliandikwa kwa lugha ileile. Wapangaji walipokea kurasa arobaini juu ya mataifa madogo, na hakuna aliyeshtuka. Fundi viatu alisema tu kwamba safari hii katibu amezidisha. Profesa alipokea ugomvi wa maji.

Alipiga simu siku ya tatu. Ndege yake ilikuwa imechelewa, hakuwa na kingine cha kusoma, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita alikuwa amesoma sura nzima. Alisema ni utafiti wa ajabu, mfumo mzima wa dunia ndani ya nyumba moja, wenye nguvu, wanyonge, waangalizi na wasusiaji. Hakuna neno la kupanua. Kilichobaki ni fomu za ridhaa: hawa wahojiwa wanane watie sahihi kwamba wamekubali maneno yao yatumike, na fomu zifike ofisini Ijumaa.

Mwanadiplomasia wa kweli hasahihishi kosa linalomfaa. Alisema, "Asante, Profesa," akakata simu, akachapisha fomu nane.

Kaya sita zilitia sahihi kwa siku mbili, kila moja kwa bei yake. Fundi viatu alidai ile habari ya kususia ifutwe. Mwalimu wa ghorofa ya pili alitaka hotuba yake irefushwe, na aongezewe maneno mawili ambayo siku ile hayakumjia. Wengine walitia bila kusoma, na hao ndio raia wema ambao kila utawala unawaombea maisha marefu.

Nesi mstaafu wa ghorofa ya tatu alivaa miwani, akasoma yote, kurasa kumi na nne, huku Katibu Mkuu amesimama mlangoni. Kisha akarudi ukurasa wa sita akauwekea kidole.

"Mimi nilisema mama yako anatunyima maji," alisema. "Nilisema hivyohivyo, mbele ya watu. Hapa umeandika msukumo wa maji. Huyo msukumo anakaa mlango gani?"

Katibu Mkuu alianza kueleza kwamba lugha ya kumbukumbu huwa na staha yake. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, maana kazi ya uuguzi humfundisha mtu kusikiliza wanaoweweseka. Kisha akamwambia kwamba ndoo amezipandisha miaka yote hiyo, magoti yake ndiyo mashahidi, na hana haja ya kuomba maji kwa mtu. Anachotaka ni maneno yake yarudi pale alipoyaweka. Yakirudi, atatia sahihi. Yasiporudi, dunia itafute nyumba nyingine ya kuisomea.

Katibu Mkuu alishuka ngazi akiwa amekasirika. Alikuwa anaweza kuzitaja nchi zilizojifanya hazioni, mwaka kwa mwaka, na azimio kwa azimio. Alikuwa ameziandikia sura nzima yenye ghadhabu. Na muda wote huo alikuwa anayaandika maneno ya nesi wa watu upya, kwa mwandiko mzuri, ili mama yake mwenyewe asiguswe. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Hata hivyo ilikuwa Jumatano, na Ijumaa ilikuwa haimsubiri mtu mwenye aibu.

Akaandika upya. Kaya ya chini inashikilia ufunguo wa koki, na kwa miaka kumi na miwili imejaza vyombo vyake vyote kabla ya kuwafungulia wengine. Nesi alisoma, akaitikia kwa kichwa mara moja, akatia sahihi yake ndefu ya zamani. Katibu Mkuu alirudi chini, akaketi mezani, na kabla wino haujakauka akaongeza sentensi moja ya kujisitiri: mtafiti, aliyekuwa katibu wa vikao, hakuwa na taarifa kamili kuhusu hali hiyo.

Ikabaki sahihi moja, ya mama. Hiyo alikuwa ameiacha mwisho kwa sababu aliiona rahisi. Alifikiri atamwekea fomu kando ya cherehani, amwonyeshe mahali, mama atie, yaishe. Mama aliisukuma fomu kando kwa kiwiko bila kuacha kushona.

"Hayo uliyoandika yasome nisikie."

Akasoma. Alisoma upesi, kama mtoto anayesoma barua ya mwalimu mkuu. Alipofika kwenye ufunguo na vyombo, mama aliendelea kukanyaga pedali kana kwamba anasomewa habari za majirani. Alipofika kwenye taarifa kamili, pedali ikasimama.

"Huyo mtafiti ndiye nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Na ulikuwa unaoga wapi?"

Mama alikata uzi kwa meno, akageuka kwenye kiti. Alisema yeye haogopi kuandikwa, kwani nyumba nzima inajua kinachofanyika, na hata mlinzi aliyeondoka huko aliko anajua. Alisema alijaza mapipa kwa sababu alikuwa na binti wa kwenda kazini msafi na chuoni msafi, na huyo binti hakuuliza hata siku moja maji yametoka wapi.

"Usinifanye mimi mwizi na wewe mgeni," alisema. "Andika kwamba ulijua, nitie sahihi."

Akaandika. Mtafiti alijua. Maneno mawili, na yalimchukua muda mrefu kuliko sura ya pili yote. Mama alitia sahihi, akaomba apishwe mwanga.

Siku ya kutetea tasnifu walimweka mbele ya meza ndefu yenye watahini watatu na chupa za maji, moja kwa kila mtahini. Profesa alikaa pembeni akitabasamu kama aliyezaa mwenyewe. Mtahini kutoka nje, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza, alifungua ukurasa wa mia moja sabini na moja na kusema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajaona mtafiti akijiandika kwa ujasiri kiasi kile. Wenzake waliafiki. Walitumia nusu saa nzima kuusifu ule ujasiri, wakautafutia na nadharia ya kuuegemeza. Mwishoni mtahini yuleyule, kwa udadisi tu, akauliza ufunguo sasa uko kwa nani.

"Uko kwa mama," alijibu Katibu Mkuu.

Chumba kizima kilicheka. Profesa alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Watahini waliandika katika mapendekezo yao kwamba suala la ufunguo linahitaji utafiti zaidi, wakampa ufaulu wa daraja la juu, wakampa mikono. Yeye peke yake hakucheka. Alishukuru kila mmoja kwa cheo chake, kama alivyofundishwa.

Jioni hiyo alimkuta nesi mstaafu uani, ndoo yake imejaa. Nesi aliiweka chini, akajifuta mikono kwenye kanga ili ampongeze vizuri, akamwambia sasa ni msomi kamili, Mungu amzidishie. Kisha akauliza kama maneno yake yamo.

"Yamo. Ukurasa wa mia moja sabini na moja."

"Vizuri," alisema nesi, akainua ndoo.

Katibu Mkuu alisimama akimsikiliza akipanda. Alimsikia akipumzika ghorofa ya kwanza, akapumzika tena ya pili. Kisanduku cha koki kilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama, na mama alikuwa ndani, na ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto angeufikia. Aliingia ndani. Mama alikuwa amemtengea maji ya kuoga, ndoo mbili badala ya moja, kwa heshima ya siku ile. Akaoga.