Chupa Isiyomtisha Mtu

Wambura wa Tarime ni mtu mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mhuni ningemfukuza mapema nikapumzika. Lakini anaamkia kwa kuinama, anawabebea wazee mifuko ngazini bila kuombwa, na hajawahi kuja kwetu Langley Park, huku ughaibuni, mikono mitupu. Kazi yake ni kuegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja kule Alexandria, mji wa jirani. Anashinda chini ya ardhi kwenye moshi, anaendesha magari ya matajiri, kisha anarudi kwake kwa basi. Ukimwuliza kwa nini hanunui gari lake, anasema bado anaangalia. Huyo ndiye Wambura. Bado anaangalia.

Binti yangu Leokadia amengoja miaka miwili huku yeye akiangalia. Leokadia anatunza wazee wa Kizungu majumbani mwao, anawaogesha, anawalisha, akirudi mgongo haunyooki. Si msichana tena. Kila Jumapili baada ya misa Wambura alikuja, akala ndizi zangu, akazisifu, akaenda zake. Hakuna mjomba aliyetumwa, hakuna neno. Nikimwuliza Leokadia ananiambia, mama, mambo ya huku si ya kwetu Kibosho. Nanyamaza, lakini kimya changu wanaonijua wanakiogopa.

Basi Februari ile ya mwaka 2006, theluji imejaa mpaka kwenye madirisha ya chini, Wambura akaja Leokadia akiwa kazini. Akaamkia, akakaa kwenye ncha ya kiti. Akasema siku ya wapendanao inakaribia, na wageni wa hotelini wanashuka na waini iliyofungwa utepe, kwa hiyo na yeye anataka kumpa Leokadia chupa. Kwa kuwa amesikia nilipika mbege miaka mingi, ameona nimsaidie kuchagua.

Nikamtazama. Watoto wangu wamekula na kusoma kwa mbege. Nimesaga ulezi, nimechemsha ndizi, nimetia magome ya msesewe mpaka vidole vikawa vichungu. Najua pombe ya msiba, najua ya kipaimara, na ya posa naijua. Kwa baba yangu, pombe ya kumtaka binti haikupewa binti. Ililetwa na wazee wa kijana, aliyeileta akaonja kwanza mbele za watu, kisha binti akaitwa akaulizwa: tunywe? Akipokea kata akanywa, amekubali. Akikataa, wageni wanabeba mtungi wao wanarudi nao njia nzima, kijiji kinaona.

Nikamweleza Wambura yote hayo taratibu. Akasema hata kwao Ukurya, pamoja na ng'ombe wao wote, wazee hawapatani koo zikiwa kavu. Mlishike hilo: alijua. Kisha akacheka kidogo.

"Lakini hii siyo ile, mama. Hii ni ya mapenzi tu."

Nikavaa koti langu.

Duka la pombe liko ng'ambo ya barabara. Wambura akaanza kushika na kurudisha, kushika na kurudisha. Wiski akasema ni ya wanaume. Waini nyekundu yenye picha ya ngome akasema ni ya madaktari. Akainua moja yenye karatasi ya dhahabu shingoni, akaifurahia, halafu akakumbuka kwamba hiyo watu wanaifungua harusini. Akairudisha haraka kama imemuunguza. Nilimwona. Mwisho akasimama kwenye kichupa cha waini ya pinki, kina ndege kwenye karatasi yake.

"Hii ni nyepesi," akasema. "Haitamtisha."

Nikamwuliza itamtisha nini mtu ambaye umekula mezani kwake miaka miwili. Akageuza kichupa kutafuta bei. Nikainamia rafu ya chini kabisa, nikavuta chupa kubwa ya galoni, nyekundu, yenye kishikio, ile ya kuwekwa katikati na kumiminiwa watu. Nikamwambia, chukua hii. Akatazama mlango kama mtu anayeachwa na basi. Akasema hiyo ni ya watu wengi.

"Na Leokadia alizaliwa na mti?" nikamwuliza.

Muuzaji, Mhabeshi, akajificha nyuma ya mashine yake anacheka. Kiswahili hajui, lakini ugomvi wa mama mkwe unajulikana kila nchi. Wambura akalipia ndege wake.

Siku yenyewe akaja jioni, chupa ina utepe. Leokadia alikuwa amevaa gauni lake la kijani, na alifurahi. Furaha ile iliniuma kuliko kitu chochote, maana niliona ni ndogo kiasi gani na anavyoipokea kama kubwa. Akaleta glasi. Wambura akazungusha kifuniko, akamimina. Hakunimiminia mimi.

Nikasema, "Leokadia, mwulize ni pombe gani."

Alinikata jicho. Lakini glasi ilibaki kifuani, haikupanda. Amekulia kwenye mitungi yangu, na dada zake aliwaona wakiulizwa. Akamgeukia taratibu.

"Ninywe, Wambura?"

Alisikia. Mtu asiniambie hakusikia. Alitazama chupa, akatazama dirisha, akatazama viatu vyake.

"Ni waini tu, Leokadia. Wewe kunywa."

Leokadia akaiweka glasi mezani polepole, kama anavyoweka vikombe vya wagonjwa wake.

"Basi sina kiu."

Nikafunga kifuniko nikamkabidhi chupa yake. Kwetu inarudi na aliyeileta. Akapanda nayo basi, na utepe wake. Kwa Kwaresima nzima Leokadia alizungumza na mimi mambo ya chumvi na sabuni tu, na radhi sikuomba. Siombi hata leo.

Baada ya Pasaka, Jumapili, mlango ukagongwa. Ni Wambura, amekumbatia galoni nyekundu kama ile ya dukani kwa mikono miwili, ameibeba kutoka Alexandria kwa mabasi. Hakuingia. Aliifungua pale pale mlangoni, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja mbele yangu.

"Mama, nimekuja kumwomba Leokadia."

Nikamwuliza amekuja na nani. Akasema kaka zake wako Tarime, huku hana mtu. Nilikuwa nafungua mdomo nimwoshe kwa maneno, lakini sauti ikatoka nyuma yangu.

"Mama, iweke chini ya sinki," Leokadia akasema. "Akalete wazee. Nitanywa mbele yao, si mlangoni."

Akamtazama usoni aliposema hivyo, akaenda kuendelea kupiga pasi.

Sasa Wambura amempata Anatoli, mzee wa Bukoba anayeendesha teksi, amekubali kumsemea. Nimemwambia mzee mmoja si wazee. Juzi nikamwuliza wa pili yuko wapi, na mnajua alichonijibu. Anasema bado anaangalia.

Ile galoni ameshaifungua mwenyewe, na pombe iliyofunguliwa haina subira. Kila nikichukua sabuni naigusa, nainusa. Imeanza kubadilika. Nimemtumia neno kupitia Anatoli: Jumapili hii waje wazee wawili, au nitamrudishia siki.