Kona Isiyofutwa

Mimi si mtu wa mizimu. Nimezaliwa Kapalamsenga, ufukweni mwa Tanganyika, ambako kila jiwe lina hadithi yake, na tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikiwaudhi bibi zangu kwa kuwauliza ushahidi uko wapi. Ndiyo maana nikaishia kufundisha hisabati. Kwa hiyo haya nayasimulia shingo upande, na atakayecheka acheke.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado chini ya Mkoa wa Rukwa. Likizo ya katikati ya mwaka tuliitwa, walimu wa hisabati wachache tuliokuwapo, kusahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha sita, ule ambao kila mtu anauita moko. Tulikusanywa katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji, shule niliyosoma mwenyewe. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka. Hakuna kitu kinachotisha kama shule isiyo na watoto. Milango ya mabweni ilikuwa ikijigonga kwa upepo wa kiangazi, vumbi jekundu limelala juu ya madawati, na kengele, yaani kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, ililia mara mojamoja pasipo mtu wa kuigonga.

Chumba tulichopewa kilikuwa cha mwalimu aliyenifundisha hisabati. Alikuwa amefariki mwishoni mwa mwaka uliotangulia, kwa homa ya siku chache tu, akawaacha wanafunzi wake wa kidato cha tano katikati ya safari. Nilikaa dawati la mbele, upande wa dirisha. Lilikuwa ndilo dawati langu la zamani. Nikajiambia ni bahati tu.

Kwa asiyejua, usahihishaji wa haki una taratibu zake. Hakuna mwalimu anayesahihisha karatasi ya mtoto mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja hupewa swali lake moja, akalisahihisha kwa watahiniwa wote, kisha karatasi inasogezwa kwa jirani. Kama mimi nina mkono wa birika, basi uchoyo wangu unawaangukia wote sawasawa. Majina hayapo, kuna namba tu. Anayejumlisha alama si yule aliyezitoa. Na alama hazitolewi kwa jibu peke yake. Njia ina alama zake, hesabu ina zake, na ukikosea mahali kisha ukaendelea vizuri na kosa lako, unapoteza pale ulipokosea tu. Kosa moja haliadhibiwi mara mbili.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kifipa kutoka Sumbawanga, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka.

"Humu ndani hakuna mtoto wa mtu," alituambia asubuhi ya kwanza. "Hakuna mtoto wa mkubwa, hakuna mtoto wa maskini. Kuna namba. Anayetaka kuona huruma aende kanisani."

Nilimpenda hapohapo.

Swali langu lilikuwa la nguvu mbili zinazovuta mzigo mmoja. Ukifika mwisho unazidisha nane kwa kipeuo cha pili cha tatu, na jibu lilitakiwa kwa nafasi tatu za desimali: 13.856. Karatasi za kwanza, za shule hiyohiyo tuliyokuwamo, zilikwenda vizuri. Wengine walipata, wengine walivurunda kama ilivyo ada ya vijana. Kisha ikaja moja yenye 13.784. Nikaweka alama zangu nikaendelea. Ikaja nyingine: 13.784. Nyingine tena, mwandiko tofauti kabisa, njia tofauti kabisa, na mwisho wake 13.784.

Nikaanza kuziweka pembeni. Zikawa lundo.

Mtu akikosea hesabu hukosea kivyake. Jibu sahihi ni moja, lakini kupotea kuna njia elfu, na makosa yanayofanana namna ile lazima yawe na baba mmoja. Nikaangalia wamefanyaje. Wote walikuwa wameandika kwamba kipeuo cha pili cha tatu ni 1.723, ilhali ni 1.732. Na vitabu vya majedwali walikuwa navyo mezani! Nywele zikanisimama, na nilikuwa sijajua bado kwa nini.

"Nani anaimba?" aliuliza mwalimu aliyekaa jirani yangu, dada mmoja wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Kabungu na ng'ombe wao. Sote tulimwita Madam.

"Hakuna anayeimba," nilimjibu.

"Wewe hapo, Mwalimu. Tangu muda ule unaimba. Sijui moja nukta saba, sijui nini."

Nikaufunga mdomo. Ulikuwa wimbo wa mwalimu wangu. Marehemu alitufundisha vipeuo kwa Kiswahili, ingawa sheria ilikuwa Kiingereza, kwa sababu alisema hesabu ikiingia kwa Kiswahili haitoki. Tulikuwa tunaimba tukipiga madawati: "Mbili, moja nukta nne moja nne! Tatu, moja nukta saba mbili tatu! Tano, mbili nukta mbili tatu sita!" Ule mstari wa katikati unaanza na tatu na kuishia na tatu, mtamu kuimba kuliko yote. Na haukuwa sahihi. Enzi zetu hatukuligundua kosa hilo, maana majibu yetu tulikadiria kwa tarakimu mbili, moja nukta saba, na kosa lilijificha humo. Nilipokuwa mwalimu nilitumia majedwali, wala sikuwahi kukutanisha kilichomo kitabuni na kilichomo kichwani. Sasa mdomo wangu ulikuwa ukimwimbisha maiti, mchana kweupe, kwenye dawati langu la zamani. Niliogopa. Sioni aibu kusema.

Kiongozi alikuja akasimama nyuma yangu. Akalitazama lundo, akafunua karatasi moja moja.

"Wamenakili hawa," akasema. "Shule moja, chumba kimoja, kosa moja. Iko wazi."

Adhabu tuliijua. Matokeo yao yangefutwa, na mkuu wa shule ileile tuliyokuwamo alikwishatangaza kwamba atakayefutiwa kwa udanganyifu arudi nyumbani, mtihani wa mwisho ausahau. Lundo lile lilikuwa karibu nusu ya darasa la marehemu.

Nilitaka kusema, nikasita. Marehemu hasemwi vibaya. Mtu yule ndiye aliyenitoa kwenye kuanika dagaa akanifanya mwalimu, na mle chumbani sikuwa mimi peke yangu niliyepita mikononi mwake. Nisimame nitangaze kwamba alifundisha uongo? Nitangaze ndani ya chumba chake? Nikajiambia nisubiri kidogo, labda mzee ataona mwenyewe.

Kusubiri kukaleta balaa jingine. Mchana lilifunguliwa furushi la shule nyingine, ya mbali, kule Ufipa. Humo ndani ikawamo karatasi moja, moja tu, yenye 13.784. Na hii ilikuwa mbaya kuliko zote. Mwenyewe alikuwa ameandika kwanza 1.732, sahihi kabisa. Kisha akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, wa rula, na juu yake akaandika 1.723. Nilihisi kama kuna mtu aliinama nyuma ya bega lake akamwambia, si hiyo, andika hii. Nikageuka kutazama nyuma ya bega langu mwenyewe. Palikuwa na dirisha tu na vumbi.

Nilimpelekea kiongozi, maana ndiyo kazi. Akaisoma, uso ukabadilika.

"Basi si kunakili. Mtihani umevuja. Kuna mtu kawauzia majibu shule mbili, tena majibu ya uongo. Tutafuta matokeo ya shule zote mbili."

Hapo nikasimama.

"Mzee, hawa hawajaiba. Wamefundishwa."

"Na nani?"

"Na mwenye chumba hiki."

Kule nje kipande cha reli kililia, mara moja. Mwalimu mmoja wa nyuma, ambaye naye alifundishwa na marehemu, akafoka: "We bwana, hebu mwache marehemu apumzike! Nyie mkishindwa kazi mnatafuta maiti wa kumsingizia?"

"Ushahidi uko wapi?" kiongozi akaniuliza. Nikawakumbuka bibi zangu.

"Alivipaka ubaoni, kona ya juu kushoto. Vipeuo vyote vitatu, kwa rangi nyeupe iliyobaki ya magoli ya mpira. Na chini yake akaandika USIFUTE."

Wote wakatazama. Kona ilikuwa nyeusi tii. Ubao ulikuwa umepakwa upya kwa ajili yetu, kwa masizi ya betri za redio yaliyotwangwa na majani ya maboga, kama shule zetu zote zilivyofanya.

"Mimi sioni kitu," kiongozi akasema.

Madam akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka woga uishe. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye ndoo ya maji, akapanda juu ya kiti, akaanza kusugua. Maji meusi yakatiririka ukutani. Hapakuonekana kitu. Akakamua kitambaa, akasugua tena, kwa nguvu.

Zikaanza kujitokeza polepole, kama uso wa mtu anayekuja dirishani. Kwanza U. Kisha neno zima. Kisha namba, moja juu ya nyingine, kwa mwandiko wake, saba yake ina mkato katikati kama alivyozoea: 1.414, 1.723, 2.236. Madam alishuka kwenye kiti kinyumenyume, hataki kuupa ubao mgongo. Yule mwalimu wa nyuma aliyenifokea akaweka kichwa juu ya dawati akaanza kulia, na mimi nikaulilia wimbo pamoja na mwenye wimbo.

Kiongozi akavua kofia. Ndiyo mara ya kwanza tuliona kwamba ana upara.

"Haya," akasema, sauti imeshuka. "Mwenye kosa kajitaja mwenyewe. Hakuna wa kufutiwa. Kila mmoja anapoteza alama moja ya kipeuo, zilizobaki anapata."

Lakini mkononi bado nilikuwa na karatasi ya Ufipa.

"Na huyu? Huyu hakusoma hapa. Na alikuwa nalo lililo sahihi, akalikata. Tutafute jina lake kwenye orodha ya namba, mzee. Labda kuna jambo."

"Kilichokatwa kinasahihishwa?"

"Hakisahihishwi."

"Sasa unaniuliza nini? Nimeshawaambia, humu hakuna mtoto wa mtu."

Nikakata ile alama. Nilikasirika, sitaficha. Niliikasirikia sheria, nikamkasirikia marehemu, na zaidi nikaikasirikia namba ile isiyo na uso iliyoutupa ukweli kwa rula. Nyingine zote zilikuwa zimepata maelezo, hii haikuwa nayo, na nilirudi nayo kichwani hadi nyumbani kwangu Majengo. Wiki nzima sikupenda kukaa peke yangu kwenye chumba chenye ubao. Tulipofunga kazi namba zilikuwa bado zinaonekana kwenye kona, zimefifia, na hakuna aliyejitolea kuzipaka.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kuisha wakati shule niliyokuwa nafundisha ilipoletewa mwalimu mpya wa hisabati, binti aliyetoka chuo. Alikuwa mkimya, ana adabu. Asubuhi moja nilikuwa napita nje ya darasa lake nikasikia madawati yanapigwa.

"Mbili, moja nukta nne moja nne!"

Jua limewaka, watoto wengine wanafagia uwanja, na mimi nimesimama kama nguzo. Ulikuwa wimbo uleule, mapigo yaleyale, ila anayeongoza ni sauti ya mwanamke.

"Tatu, moja nukta saba tatu mbili!"

Hapo wimbo ukajikwaa, kama mguu uliogonga kisiki, kisha ukaendelea na tano. Nilimngoja mlangoni hadi kipindi kilipokwisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Kwa baba," akasema. "Alikuwa anafundisha kule shule ya bweni, hata mimi nilianza kidato cha tano kwake. Alipofariki mama akaturudisha kwao, Ufipa. Nikamalizia huko."

Nikamsogelea.

"Baba yako alikuwa anaimba hivyo? Saba tatu mbili?"

"Hapana. Baba alikosea pale kwenye tatu. Niligundua kwenye majedwali, alipokuwa ameshaondoka. Sikuwa na wa kumwambia."

"Lakini kwenye moko ulilikata lililo sahihi."

Hakuniuliza nimejuaje. Aliinamisha macho, akawa anajifuta chaki vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Niliwafikiria wenzangu niliowaacha kule," akasema. "Nikajua saa hii wote wanaandika ya baba. Mimi mwanaye ndiyo niwe wa kwanza kumkana? Ilikuwa moko tu, Mwalimu. Mtihani wa mwisho niliandika iliyo sahihi. Lakini ile alama moja nikasema, hii nampa baba."

Nikamwambia ukweli tu.

"Aliyeikata alama hiyo ni mimi."

Nilidhani atanichukia, au atacheka. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari kwamba mzigo wake umepokelewa.

"Basi ilimfikia," akasema, akarudi darasani kufuta ubao.