Mlango wa Banda Uliojifunga

Harufu ya ubani mpaka leo hunibana kifua. Wenzangu wakiisikia hukumbuka harusi na maulidi. Mimi hukumbuka banda la kuku la nyumbani kwetu Jambiani, na msinicheke kabla hamjasikia.

Mama alikuwa mkulima wa mwani. Maji yakipwa alfajiri aliondoka kuku wakiwa wamefungiwa, na jioni akichelewa kurudi, ngawa huingia bandani kuwala. Basi akaunda mlango wa kujiendesha: ubao, mnyororo wa baiskeli, mota ya waipa ya gari bovu, na jicho la taa ya sola iliyotupwa hotelini. Jicho likiona mwanga, ubao hupanda. Likiona giza, hushuka.

Lakini giza huingia magharibi, saa ile watoto huitwa ndani wasije wakapitiwa na mashetani. Bibi, mama yake baba, alipouona ubao ukishuka huku ukikoroma, bila mkono wa mtu, alisema mle mna jini. Nikamwamini. Kila ulipoanza kukoroma nilijificha nyuma ya kanga yake.

Siku moja mchana, mama yuko pwani, Bibi akaamua kulifukiza banda. Kiuno hakikumruhusu kuinama, akaniingiza mimi na chetezo. "Tahadhari kabla ya hatari," alisema. Ubani aliutia mwingi mno. Moshi ukatoka mlangoni, ukapanda, ukaliziba lile jicho. Ubao ukakoroma, ukashuka.

Sijapata kuogopa vile. Kuku walinipiga mabawa usoni, macho yaliniwasha, pumzi hakuna; nilijua jini amekuja kunichukua. Mara vidole vya Bibi vikaingia chini ya ubao. Ukavibana, mnyororo ukakwama, ukabaki upenyo mwembamba.

"Lala chini uvute pumzi hapa, mwanangu," alisema. "Nshaushika."

Nikalala, pua kwenye upenyo, nikimsikia akisoma Ayatul Kursiy huku analia. Hakuvitoa vidole mpaka mama aliporudi, akachomoa waya, akang'oa mnyororo na kuunyanyua ubao.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kwa kumcheka Bibi na jini lake la waipa. Ukubwani ndipo nilipofahamu. Mama aliujua ule mlango, hakuwa na cha kuogopa. Bibi aliamini kwa moyo wake wote kwamba mle mna jini, na vidole akavitia.