Sauti ya Ghorofa ya Chini

Bibi Mal-sun ndiye aliyeninong'oneza tukimenya vitunguu saumu ngazini: "Mama Garam, huyo mzee wa chini anaongea na marehemu mkewe. Ndiyo maana siku ya kumbukumbu ya kifo chake hamwekei hata wali na kijiko kama wanavyowekewa wafu!" Sauti yenyewe ya kike nilishaisikia ikipanda sakafuni, laini, ikitaja hali ya hewa.

Jana nilimpelekea kimchi, kabichi yangu ya kuchachua, Garam akilia mgongoni. Vidole vyake vyembamba havikuacha kibodi. Kila akimaliza mstari alivipuliza kama anayepoza uji. Akaniambia bila kunitazama kwamba sauti ni ya mkewe kweli, aliirekodi akiwa hai kwa ajili ya programu ya kompyuta inayowasomea wasioona. Kampuni iliyoinunua programu hiyo ikabadilisha leseni, matoleo mapya si ya bure tena. Wenzake wanaojitolea kugawa programu bure wanataka kuiondoa kwenye orodha yao. Yeye amegoma, analitunza toleo la zamani peke yake, nao wamempa hadi Jumapili athibitishe kuwa bado linafanya kazi.

"La zamani bado ni halali, Mama Garam, ila linaoza. Kila kompyuta zikibadilika, linapoteza sauti ya herufi fulani."

Akaandika salamu na jina la Garam, akabonyeza. Mwanamke akanisalimia vizuri kutoka kwenye kompyuta, akaanza kutaja jina la mwanangu, kisha katikati ikabaki pumzi tu. Garam, mgongoni kwangu, akaacha kulia ghafla na kuigeukia kona tupu.

Mzee akanisogezea kipaza sauti.

"Sauti yako inakaribiana na yake. Naomba unitamkie herufi zilizokufa, nizipandikize kwake."