Sufuria Iliyokwenda Bosnia

Nyumbani kwetu Ibra, Oman, kusafiri kulikuwa ni kuhamisha jiko. Watu wengine hufunga nguo. Mimi nilifunga mchele, dengu, bizari, ndimu kavu, makopo ya jodari, na papa mkavu wa Sur ambaye nilimtia ndani ya mifuko mitatu ya plastiki na bado akanuka. Sufuria kubwa ya pilau nayo ilikwenda, ndani imejazwa soksi za watoto ili isile nafasi bure.

Wakati huo nilikuwa nasomesha shule ya msingi. Asubuhi darasani, mchana jikoni, jioni madaftari, halafu nalala kama gogo. Kwa hivyo mume wangu aliposema kwamba kiangazi kile, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tungelikimbia joto kwa wiki mbili Bosnia, mimi nilitaka kitu kimoja tu: siku moja ya kutoshika mwiko. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kufika huko aliniambia kuna chemchemi chini ya mlima, mto mzima unatoka ardhini, na watu wanakaa kando yake kivulini bila kufanya lolote. Mimi niliyezoea maji ya falaj, mfereji wa mashambani, yanayokwenda kwa zamu, leo shambani kwako, kesho kwa jirani, sikumwamini. Lakini nilitaka kukaa hapo, na asitokee mtu wa kuniuliza leo tunakula nini.

Aliyeichagua nchi ni mama mkwe. Miaka ya tisini, vita vya kule vilipokuwa vikionyeshwa kwenye televisheni, alikuwa akikaa na tasbihi yake akiwalilia Waislamu wa Bosnia, na alizunguka mtaa mzima akikusanya mablanketi ya kuwapelekea. Sasa alitaka kuwaona kwa macho yake. Wa kwanza aliyemwona ni mwenye nyumba yetu, mama wa makamo yake, aliyekuwa akikaa chini na kutupangisha ghorofa ya juu. Alitufungulia mlango kichwa wazi, mikono wazi, sigara katikati ya vidole, akatutolea salamu ya Kiislamu. Mama mkwe aliitikia vizuri. Tulipofika juu akaninong'oneza.

"Mwanangu, nyama ya hapa la. Hatujui kachinja nani."

"Mama, msikiti ule pale, unauona dirishani."

"Msikiti hauchinji. Pika vyetu."

Basi nikapika. Wenzangu walitoka kwenda soko la zamani na madarajani, wakaniambia nikimaliza niwafuate, kana kwamba kazi ya jikoni ina mwisho. Walirudi na njaa, wakala, wakalala, nami nikaosha vyombo huku nautazama mlima kupitia kidirisha cha jikoni. Papa alinuka mpaka kwenye ngazi. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa Ibra, maana Ibra angalau nilikuwa na jiko langu na visu vyenye makali. Kila nikiuliza chemchemi, mume wangu alisema kesho.

"Mwenda pole hajikwai," aliniambia.

"Na asiyekwenda kabisa je?" nikamjibu. Akacheka, akaenda zake kulala.

Wiki ya pili mwenye nyumba alitupandishia sinia la mkate wa nyama, unga wake mwembamba umekunjwa kunjwa, siagi inachuruzika. Mama mkwe aliweka mkono kifuani akamshukuru sana. Mlango ulipofungwa akasema watoto wasiuguse, niutupe kwa siri. Niliutia kwenye mfuko wa taka. Kwanza lakini nilikata kipande, nikakila nimesimama kwenye karo, kwa hasira. Kilikuwa kitamu kuliko chote nilichopika safari ile.

Asubuhi nikashuka na taka nyingine. Paka walikuwa wameuchana ule mfuko wa jana, na mkate wa nyama umetapakaa uani. Mwenye nyumba alikuwa na fagio. Aliniangalia, akaendelea kufagia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alipomaliza alinawa, akajitanda mtandio, akatoka. Nikamfuata, nikitafuta namna ya kumwomba radhi bila ya lugha. Aliingia kwenye makaburi yaliyo ubavuni mwa msikiti, akasimama mbele ya jiwe jeupe lenye tarehe ya miaka ile ya vita. Akafungua viganja vyake, akasoma Fatiha. Nikafungua vyangu nikasoma naye. Tulipomaliza alinipiga piga begani, akarudi nyumbani kwake.

Nilipanda juu. Mama mkwe alikuwa anachagua mchele.

"Mama, ule mkate mwenyewe kauona chini. Kaufagia kwa mkono wake. Na Fatiha anasoma kama wewe."

Nilikuwa sijapata kusema naye kwa sauti ile. Nikangoja kukumbushwa adabu. Lakini vidole vyake vilisimama juu ya sinia.

"Kauona?"

"Kauona."

Akasema kama anayezungumza na ule mchele.

"Siye tulipokuja Ibra kutoka Unguja, Ramadhani ya mwanzo n'lipeleka sahani ya futari kwa jirani. Wakapokea kwa dua, barakallahu fiki, sahani ikarudi safi. Asubuhi nikawaona mbuzi wao wanakula sambusa zangu. Walikuwa wakiniuliza, ati huko Afrika mnajua kusali?"

"Ukafanyaje?"

"N'fanyeje? Jioni nikapeleka tena."

Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kulisikia hilo. Aliponitazama, nadhani sote wawili tuliukumbuka mwaka wangu wa mwanzo pale kwake, mke wa bara kutoka Tabora, alipokuwa akionja mchuzi wangu kwa ncha ya kijiko na kuisogeza sahani pembeni. Aliinuka, akajitanda, akachukua bakuli la halwa tuliloliweka kwa ajili yetu wenyewe, akashuka ngazi.

Alikaa huko muda mrefu. Mmoja hajui Kibosnia, mwingine hajui Kiswahili wala Kiarabu, na bado nilisikia vicheko. Aliporudi alikuwa ananuka sigara ya mwenzake.

"Kesho anatupikia yeye," alisema. "Wewe hupiki. Khalas."

Siku ya pili yake tulikula chini kwa mwenye nyumba. Mama mkwe alipiga bismillahi ya sauti, akawa wa kwanza kutia mkono kwenye nyama. Kisha tukaenda kwenye chemchemi. Nakumbuka miti mirefu, baridi ya maji miguuni, na ubao tuliokalia mimi na mama mkwe. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima. Watoto walikuwa wamekwisha kuroa na kukauka. Kichwa changu kilikuwa juu ya paja la mama mkwe, naye ananipungia inzi kwa ncha ya mtandio wake.

"Mbona hamkuniamsha, mama?"

"Mumeo alitaka, ati uone maji. N'kamwambia mwache, maji yapo tu." Akanigusa shavu. "Sasa nyanyuka, mwanangu. Mguu umenifia ganzi tangu tulipofika."